Kitenzi cha Kimichifu kwa anayeanza: nani yuko juu, na kitendo kinaelekea wapi

Mtu aliyesoma Kifaransa kidogo akimsikiliza mzungumzaji wa Kimichifu, lugha ya mchanganyiko ya Wametisi wa Kanada, nomino nyingi atazikamata. La fam ni mwanamke, li shyeñ ni mbwa, li livr ni kitabu. Kikija kitenzi anaachwa njiani, maana hapo hakuna Kifaransa tena. Kitenzi ni cha Kikrii, lugha ya wenyeji wa nyika za Kanada, na kimekuja na viambishi vyake vyote, vya mbele na vya nyuma. Mwanaisimu Peter Bakker, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 1997, alikuta kwamba kati ya asilimia 83 na 94 ya nomino zina asili ya Kifaransa, na kati ya asilimia 88 na 99 ya vitenzi vina asili ya Kikrii. Kwa hiyo anayetaka Kimichifu kazi yake kubwa ni kitenzi. Nomino utaziokota polepole, na ukiisahau moja mtaelewana kwa kidole. Kitenzi ukikikosa, huna sentensi.

Wenye lugha ni Wametisi, watu waliotokana na ndoa za wafanyabiashara wa manyoya, wengi wao Wafaransa wa Kanada, na wanawake wa Kikrii na Kiojibwe. Kimichifu kilikomaa mwanzoni mwa karne ya 19 miongoni mwa wawindaji wa nyati waliokuwa na makao yao pande za Mto Red, katika Manitoba ya leo. Baada ya misukosuko ya mwaka 1870 na ya 1885, Wametisi walipoipinga serikali ya Kanada, watu walitawanyika kuelekea magharibi na kusini, na ndiyo sababu leo wazungumzaji, wengi wao wazee, wako Manitoba, Saskatchewan, na ng'ambo ya mpaka huko Turtle Mountain, North Dakota.

Kwa nini vitenzi havikugeuzwa Kifaransa? Jibu la Bakker ni la kiufundi, nami naliona lina nguvu kuliko hadithi za "baba Mfaransa, mama Mkrii" zinazorudiwarudiwa. Katika Kikrii mzizi wa kitenzi na viambishi vyake vimeshikamana kiasi kwamba huwezi kuung'oa mzizi na kupachika wa kigeni mahali pake. Nomino inasimama peke yake, hivyo kuibadilisha ni rahisi. Watu waliozijua lugha zote mbili wakakiacha kitenzi kizima kizima, nomino wakazibadilisha.

Sisi wa Kiswahili tunaingia hapa na faida. Neno moja linalobeba sentensi nzima, kama "nitakusaidia" au "hawajatuona", halitushangazi, tumelelewa nalo. Lakini faida hiyo ina mtego ndani yake. Katika Kiswahili nafasi ndiyo inayotuambia nani mtenda na nani mtendwa: katika "nimekuona", ni- iko mwanzoni, basi ni mtenda, -ku- imeukaribia mzizi, basi ni mtendwa. Kimichifu hakifuati utaratibu huo hata kidogo. Ukiingia na mazoea ya nyumbani utasema "unaniona" ukidhani umesema "nakuona", na sarufi haitakugombeza, kwa sababu neno ulilolitamka ni sahihi kabisa. Tutafika huko; kwanza tuweke msingi.

Kimichifu kipi, tahajia ipi

Jina "Kimichifu" linatumika kwa lugha zaidi ya moja. Huko St. Laurent, Manitoba, wako wanaokiita Kimichifu Kifaransa chao cha Kimetisi. Huko Île-à-la-Crosse, kaskazini mwa Saskatchewan, jina hilo linamaanisha lugha ambayo kwa sehemu kubwa ni Kikrii chenye maneno kadhaa ya Kifaransa. Hapa nazungumzia ile iliyochanganyika, yenye nomino za Kifaransa na vitenzi vya Kikrii. Ukipata masomo mtandaoni, chukua sentensi mbili tatu uzikague. Vitenzi vikiwa vya Kifaransa, umeingia darasa lingine. Nomino zikiwa karibu zote za Kikrii, pia umeingia darasa lingine.

Tahajia ni tatizo la pili. Hakuna moja inayokubaliwa na wote. Kamusi ya Turtle Mountain ya mwaka 1983, kazi ya Patline Laverdure na Ida Rose Allard, iliandika sauti kama anavyozisikia msomaji wa Kiingereza: i ndefu wanaiandika "ee", a ndefu "aw", e ndefu "ay". Tahajia nyingine inayotumika sana, nami naifuata hapa, inarudia irabu: "ii", "aa", "oo", na "ee" ambayo inasomwa kama e yetu iliyovutwa. Tazama hatari iliyopo: "ee" ya kamusi ni i, "ee" ya tahajia hii ni e. Anayechanganya vitabu viwili bila kuangalia jambo hili anajifunza vitenzi ambavyo hakuna mtu anayevisema. Chagua tahajia moja, na kila neno utakalolitoa kwingine liandike upya kwanza kabla ya kulikariri.

Ch na sh zinasomwa kama kwetu. H iliyo mbele ya konsonanti, kama katika waapahtam, ni pumzi, na inasikika. Alama ñ inaonyesha kwamba irabu iliyotangulia inapitia puani.

Kulala, mara saba

Mzizi nipaa- ni "lala". Hauna mtendwa, hivyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

ninipaan – ninalala
kinipaan – unalala
nipaaw – analala
ninipaanaan – tunalala (wewe ninayezungumza nawe humo)
kinipaanaanaw – tunalala (nawe umo)
kinipaanaawaaw – mnalala
nipaawak – wanalala

Mbele kuna viambishi viwili tu, ni- na ki-. Nafsi ya tatu haina kitu mbele. Mambo mengine yote, yaani umoja, wingi, na nani kajumuishwa, yanakaa nyuma ya mzizi. Kosa la kwanza la Mswahili ni kuweka ni- mbele na kudhani amemaliza, kwa kuwa kwetu "nina-" inatosha. Haitoshi. "Ninipaa" bila -n ni neno lililokatwa mkia. Nafsi katika Kimichifu imegawanywa, nusu mbele na nusu nyuma, na nusu zote mbili ni lazima.

Kosa la pili ni la "sisi". Kiswahili kina tu- moja, mgeni akiwemo au asiwemo. Kimichifu kinakulazimisha uamue. Ukimwambia mgeni wako ninipaanaan, umemwambia kwamba ninyi wenyeji mnalala, yeye atajijua. Angalia pia kwamba "sisi" yenye msikilizaji inaanza na ki-, kiambishi cha "wewe", si ni-. Wewe ukiwemo, ki- ndiyo inayoshika mlango. Kumbuka hilo, baadaye ndilo litakalofungua kila kitu.

Mzizi ukianza na irabu, t huingia katikati, na ni-t- hiyo kwa wazungumzaji wa kawaida imefupishwa kuwa d-. Ndiyo unayoisikia kila Mmetisi anapojitambulisha: jina lake, kisha dishinihkaashon, "naitwa". Akimaliza hutaja mji wake na kuongeza doohchiin, "natoka". Ukitaka kusalimu na kujitambulisha leo hii: Taanshi. Juma dishinihkaashon. Mombasa doohchiin. Kikrii cha nyika kinasema nitisiyihkâson kwa neno hilo hilo. Ile s iliyogeuka sh utaikuta katika maneno mengi ya Kimichifu, na kwa kawaida inahusishwa na Kiojibwe.

Sura ya pili ya kitenzi kile kile

Sasa jambo ambalo vitabu vya wanaoanza hulichelewesha bila sababu ya maana. Kila kitenzi kina seti mbili za viambishi. Ile ya juu ni ya sentensi inayojitegemea. Ya pili hutumika kitenzi kinapoegemea kingine ("nikiwa nalala", "ambaye analala", "ili nilale"), na katika masimulizi hutumika hata pale ambapo hakuna cha kuegemea. Ukimsikiliza mzee akisimulia utaisikia seti hii ya pili kila baada ya maneno machache, kwa hiyo si ya kuwekwa kiporo.

ee-nipaayaan – mimi
ee-nipaayan – wewe
ee-nipaat – yeye
ee-nipaayaahk – sisi, wewe humo
ee-nipaayahk – sisi, nawe umo
ee-nipaayeek – ninyi
ee-nipaachik – wao

Hapa ni- na ki- zimetoweka. Nafsi yote imehamia mwishoni, na mbele kuna ee-, ambayo haisemi ni nani. Inasema tu kwamba hii ni sura ya pili. Soma sasa mstari wa kwanza na wa pili kwa sauti. Tofauti ya "mimi" na "wewe" ni urefu wa a moja. Mstari wa nne na wa tano ni vivyo hivyo: tofauti kati ya kumtenga msikilizaji na kumjumuisha ni urefu wa a. Anayetofautisha "kufa" na "kufaa" ana sikio la kutosha kuanzia, ila kwetu mkazo pia unahama kati ya maneno hayo mawili na kutusaidia. Hapa usitegemee msaada huo. Irabu ndefu ivute wazi, hata kama mwanzoni unajisikia kama unaigiza. Kuivuta kupita kiasi kunaeleweka. Kuikata kunabadilisha mtu.

Na kwa kuwa tumetaja kufa: nipi- ni "fa", nipaa- ni "lala". Nipaaw, amelala. Nipiw, amekufa. Usiulize habari za mgonjwa kabla ya kuzoea hizo mbili.

Mahali pa ee- panaweza kukaliwa na viambishi vingine, kila kimoja na kazi yake. Kaa- inafanya kazi ya urejeshi wetu: kaa-nipaat, "anayelala". Chi- ni "ili" au "kwamba afanye", nayo hufuata maneno kama saprañ, ambalo ni mabaki ya Kifaransa yenye maana ya "ni lazima": saprañ chi-nipaayaan, "lazima nilale". Ukiondoa kiambishi cha mbele na kuongeza -i mwishoni unapata "-ki-" yetu ya sharti: nipaayaani, "nikilala". Hapa Mswahili hana sababu ya kulalamika. Sisi pia tuna -ki-, -po-, -ye- na nduguze ndani ya kitenzi.

Ukanusho, kinyume na kwetu, unakaa nje. Hakuna kitu kinachofanana na "silali" au "hatulali", ambapo nafsi na ukanusho vimeyeyuka pamoja. Unasema namoya ninipaan, na kitenzi hakiguswi. Katika seti ya pili tumia eekaa: eekaa ee-nipaayaan. Katika kukataza tumia kaaya: kaaya nipaa, "usilale".

Kati ya nafsi na mzizi

Wakati, nia na mwelekeo vyote vinaingia baada ya nafsi na kabla ya mzizi, kwa mpangilio usiochezewa. Kwanza wakati: kii- kwa uliopita, ka- kwa ujao (kwa nafsi ya tatu mara nyingi ta-). Kisha nia: wii- ni kukusudia, noohtee- ni kutaka, kakwee- ni kujaribu. Kisha mwendo: pee- ni kuja huku, nitawi- ni kwenda kufanya. Mzizi ndio wa mwisho. Ni-kii-noohtee-nitawi-waapahteen ni "nilitaka kwenda kukiona", na ukiipanga kwa Kiswahili utaona vipande vinafuatana kwa mpangilio ule ule. Kisicho na wakati wowote mbele kinasomwa kama sasa, au kama muktadha unavyotaka.

Wakati uliopita una tundu ambalo wanafunzi wengi hutumbukia. Kwa maandishi ni ni-kii-nipaan, ki-kii-nipaan, kii-nipaaw. Kwa mdomo, ni- ikikutana na k huimeza i yake na kuilainisha k: gii-nipaan, "nililala". Ki- ikikutana na kii- hufyonzwa: kii-nipaan, "ulilala". Nafsi ya tatu haikuwa na kitu mbele: kii-nipaaw, "alilala". Kwa hiyo "ulilala" na "alilala" zote zinaanza na kii-, na kinachozitenga ni -n na -w mwishoni. Aliyezoea kusikiliza mwanzo wa neno tu, kama tunavyofanya kwa u-li- na a-li-, hapa hasikii kitu. Wakati ujao ni hivyo hivyo: ga-nipaan ni mimi, ka-nipaan ni wewe, ta-nipaaw ni yeye. Dawa ni kuufundisha mdomo vitatu kwa pamoja, gii-nipaan, kii-nipaan, kii-nipaaw, na kamwe si kimoja kimoja.

Kilicho hai na kisicho hai

Nomino ya Kimichifu imebeba mizigo miwili. Kutoka Kifaransa imechukua jinsia: li au la. Kutoka Kikrii imechukua swali la iwapo kitu ni hai au si hai. Jinsia inaonekana kwenye kibainishi kilicho karibu na nomino. Uhai unaonekana kwenye kitenzi na kwenye "huyu/hiki": awa la fam, "mwanamke huyu", ooma li livr, "kitabu hiki". Jinsia haina kazi yoyote kwenye kitenzi. Kwa hiyo kitenzi kikikushinda, usipoteze muda na li au la. Uliza kama kitu ni hai.

Tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kifaru kwa umbo ni cha ki-/vi-, lakini kifaru "anakula", hakiwezi "kinakula". Ila kwetu uhai unafuata uhai wa kweli. Katika Kikrii kuna vitu visivyopumua ambavyo kisarufi ni hai, jiwe na kiko cha tumbaku vikiwemo, na Kimichifu kimerithi uainishaji huo hata pale ambapo nomino yenyewe imebadilishwa kuwa ya Kifaransa. Kanuni ya kukisia haipo. Kila nomino mpya ijifunze pamoja na kitenzi kimoja kinachoipatanisha.

Matokeo yake ni kwamba vitenzi vingi vinakuja kwa jozi. "Kuwa kikubwa" ni mishaaw kwa kisicho hai, mishikitiw kwa kilicho hai. "Kuona" ni waapahtam kwa kisicho hai, waapameew kwa kilicho hai. Kiswahili kingeacha mzizi -ona palepale na kubadilisha kiambishi: nakiona, namwona. Kimichifu hakina kiambishi cha mtendwa mbele ya mzizi, badala yake mwisho wa mzizi wenyewe unageuka, waapaht- au waapam-, na seti ya viambishi vinavyofuata inageuka pia: niwaapahteen, "nakiona", niwaapamaaw, "namwona". Kitenzi cha "kula" kina watatu: miichishow, anakula tu, bila kutaja nini; miichiw, anakila kisicho hai; moweew, anamla aliye hai. Samaki, li pwesoñ, anakwenda na moweew. Nyama, la vyañd, kwa kawaida na miichiw. Ukikosea hapo utaeleweka, lakini kila mtu mezani ataona umekosea.

Nani yuko juu

Sasa tumefika penye uti wa mgongo wa kitenzi cha Kimichifu. Kitenzi chenye watu wawili ndani yake kinapanga watu hao kwa daraja: wewe uko juu, mimi ninafuata, yeye yuko chini yetu sote. Kiambishi cha mbele kinamchukua aliye juu zaidi kati ya wawili hao, awe mtenda au mtendwa. Baada ya hapo kiambishi cha nyuma kinasema kitendo kimeelekea wapi: kutoka juu kwenda chini, kama maji yafuatavyo mteremko, au kutoka chini kupanda juu.

Chukua waapam-. Kati ya mimi na yeye, mimi niko juu, basi ni- mbele, lolote litokee:

niwaapamaaw – namwona
niwaapamik – ananiona

Katika yote mawili ni- ipo mbele. Kilichobadilika ni -aaw, kitendo kinashuka, na -ik, kitendo kinapanda. Kwa wewe na yeye vivyo hivyo: kiwaapamaaw, "unamwona"; kiwaapamik, "anakuona". Mswahili akisikia ni- mwanzoni anakimbilia kusema mtenda ni mimi. Jizuie mpaka neno limalizike.

Kati ya mimi na wewe, wewe uko juu, basi ki- ndiyo inayokuja, na ni- haionekani kabisa:

kiwaapamin – unaniona
kiwaapamitin – nakuona

Ukizilinganisha, tofauti ni kipande -it- katikati. Bila hicho, wewe unatenda. Nacho, mimi natenda juu yako. Hili ndilo kosa nililolitaja mwanzo: anayeanza hulisahau -it- na kusema kiwaapamin akikusudia "nakuona". Zoeza jozi hii kwa vitenzi vinavyotumika kweli, maana "kuona" peke yake haitoshi kuujenga mdomo. Wiichih- ni kusaidia: kiwiichihin, "unanisaidia", kiwiichihitin, "nakusaidia". Miy- ni kupa: kimiyin, "unanipa", kimiyitin, "nakupa". Ukivimudu hivi vitatu kwa kasi bila kufikiri, sehemu ngumu imekwisha. Epuka kwa sasa mizizi inayoishia na -aw, kama natohtaw-, "sikiliza mtu", kwa sababu mwisho wake unamezwa: "nakusikiliza" ni kinatohtaatin, si kinatohtawitin.

Wingi unaongezwa nyuma. Niwaapamaawak, "nawaona wao"; niwaapamikwak, "wananiona". Kiwaapamitinaawaaw, "nawaona ninyi". "Sisi" akiingia, -naan inatawala na idadi ya upande wa pili haitajwi: kiwaapamitinaan ni "tunakuona" na pia "tunawaona ninyi". Atakayeelewa ni aliye mbele yako.

Wakiwa wawili wote nafsi ya tatu, je, nani yuko juu? Msimulizi ndiye anayechagua. Mmoja anawekwa mbele ya macho, mwingine anasogezwa nyuma, na huyo wa nyuma, hasa akiwa jina la mtu, anaweza kupewa alama -wa:

Pyer waapameew Marie-wa – Pyer anamwona Marie
Pyer waapamik Marie-wa – Marie anamwona Pyer

Maneno yamekaa palepale, alama iko palepale, aliyebadilika ni mtenda. Watu huita hii ya pili "kauli ya kutendwa", kama "Pyer anaonwa na Marie", na kama tafsiri haina ubaya. Kama maelezo inapotosha. Katika Kiswahili ninaweza kuchagua kati ya "ananiona" na "naonwa naye". Katika Kimichifu hakuna chaguo: niwaapamik ndiyo njia ya kusema "ananiona", kwa kuwa yeye, aliye chini, hawezi kukaa mbele yangu.

Katika seti ya pili daraja hilo limejificha ndani ya viambishi vya mwisho, na sioni njia ya mkato. Kila kimoja kikaririwe. Ee-waapamak, nikimwona. Ee-waapamat, ukimwona. Ee-waapamit, akiniona. Ee-waapamisk, akikuona. Ee-waapamiyan, ukiniona. Ee-waapamitaan, nikikuona. Ee-waapamaat, mmoja akimwona mwenzake. Ee-waapamikot, mwenzake akimwona yeye. Viambishi hivi vinalipa haraka, kwa sababu ndivyo vinavyojenga urejeshi: la fam kaa-kii-waapamak, "mwanamke niliyemwona", la fam kaa-kii-waapamit, "mwanamke aliyeniona". Kiambishi cha mwisho, -ak au -it, ndicho kinachoamua, na hakipo mahali pengine popote katika sentensi.

Amri, na Kifaransa kilichopenya

Amri ni rahisi, tena ndizo utakazozisikia kwanza ukitembelea nyumba ya watu. Mzizi mtupu kwa mmoja: nipaa, "lala", api, "keti", miichisho, "kula". Ongeza -k kwa wengi: nipaak, "laleni". Ongeza -taan ukijijumuisha: nipaataan, "tulale". Kumwamuru mtu akutendee wewe ni -in: wiichihin, "nisaidie", miyin, "nipe". Angalia kwamba ki- imeondoka. Ukiiacha, kimiyin, hujaomba kitu. Umetoa taarifa kwamba unapewa.

Kifaransa kimeingia ndani ya kitenzi kwa mlango mmoja mwembamba. Kiambishi -iwi- cha Kikrii hugeuza nomino kuwa "kuwa fulani", na Kimichifu kinaweza kukipachika kwenye nomino ya Kifaransa pamoja na kibainishi chake: li-vyeu-iwiw, "yeye ni mzee", ambapo li vyeu ni Kifaransa kitupu na -iwiw ni Kikrii kitupu. Hapo unaona vizuri alichokisema Bakker. Neno la Kifaransa halikuruhusiwa kuwa mzizi na kunyambuliwa. Limefungashwa zima, li yake ikiwa juu, na mkia wa Kikrii ukashonewa nyuma. Kwa hiyo usijaribu kuchukua kitenzi cha Kifaransa unachokijua na kukivisha ni- na -n. Tafuta mzizi wa Kikrii. Hata kamusi ya Kikrii cha nyika itakufaa, mradi matokeo uyapime kwa sauti za Wametisi wenyewe. Taasisi ya Gabriel Dumont ya Saskatoon ina kamusi ya mtandaoni yenye sauti za mzungumzaji. Ukisikiliza huko, usianze na tafsiri. Kwanza jiulize mwisho wa neno umesema -aaw, -ik, -in au -itin.